Dada wa Mashine ya Kusaga

Profesa alifundisha chuo kikuu miaka ishirini na saba, na kitabu chake kuhusu kelele za viwandani na masikio ya wafanyakazi kiliwatoa jasho wanafunzi wengi. Nje ya chuo hakikusomwa na mtu. Kilijaa majedwali, na sentensi zake zilikuwa ndefu za kumkata msomaji pumzi. Nakala moja alimpa dada yake mkubwa, akaiandika ukurasa wa kwanza: "Kwa dada, aliyenilea." Dada akaivalisha karatasi ya kalenda isichafuke, akaiweka juu ya kabati la vyombo.

Ni kweli alimlea. Wazazi wao walipofariki, dada aliacha shule akaenda kufanya kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka, na huko ndiko alikozeekea, kutwa kasimama kando ya mota, nyusi nyeupe kwa unga. Kadiri miaka ilivyokwenda, sauti yake ikapanda. Redio yake ilisikilizwa na majirani bila wao kuwasha zao. Ukimwomba maji, anakujibu kwamba mgeni hajaja. Nyumbani wakambatiza Spika, na Profesa, aliyekuwa akila kwake kila Jumapili, alicheka pamoja na wengine.

Mwaka jana mkutubi wa maktaba ya mtaani alimpigia simu. Walikuwa wameanza kuwaita waandishi wa vyuoni waje kuwaeleza wasomaji wa kawaida kilichomo vitabuni mwao, nusu saa tu, bila jedwali hata moja. Profesa alisitasita, kisha akapiga moyo konde. Wiki nzima alihangaika kutafuta maneno, mtu aliyezoea kuhutubia mabingwa wenzake bila karatasi.

Jumamosi hiyo viti vya plastiki vilijaa. Walikuja maseremala, wachomeleaji, washonaji. Mbele kabisa alikaa dada yake, amevaa gauni lake la kuendea harusi, na binti yake ubavuni.

Profesa alieleza polepole. Kama mwenzako yuko umbali wa mkono mmoja na bado inabidi upaze sauti ndipo akusikie, basi kelele hizo zinakula masikio yako. Huhisi maumivu. Zinaanza kupotea sauti nyembamba, za ndege na za watoto wadogo, na zikishapotea hazirudi. Lakini kinga ipo, tena ni kitu cha kutosha kiganjani. Mchomeleaji mmoja alijishika sikio bila kujua.

Muda wote huo binti alikuwa akimwandikia mama yake kwenye daftari. Watu walipopiga makofi, dada alikuwa bado anasoma. Alipomaliza alimfuata mdogo wake mezani, akamwuliza kwa sauti yake ile ya juu, ukumbi mzima ukasikia.

"Haya umeyajua lini, mdogo wangu?"

Profesa akajibu kwa sauti ya chini. Dada akamtazama midomo, asiambulie kitu.

"Mwandikie, mjomba," binti alisema, akamsogezea daftari.

Akaandika: miaka kumi na tisa.

Dada akasoma. "Wakati huo nilikuwa bado nasikia," alisema. "Na kila Jumapili ulikuwa unakula kwangu."

Hakumgombeza. Angemgombeza ingekuwa nafuu. Profesa alikuwa amepima masikio ya mamia ya watu katika viwanda vya mbali, na siku zote hizo hakuwahi kumhesabu dada yake kuwa mfanyakazi. Kwake alikuwa dada tu. Hilo nalo angelisemaje?

Jumatatu alikwenda kwenye mashine na boksi la vizibo vya masikio, akawaeleza wanawake watatu waliobaki pale namna ya kuvivaa. Dada alipelekwa kupimwa. Kifaa alichopewa humletea vishindo vingi kuliko maneno, kwa hiyo mara nyingi hukivua.

Sasa Profesa anakiandika upya kitabu chake, kurasa sitini, kwa lugha ya mezani. Kila sura humpelekea dada kwanza, naye hukata kwa penseli nyekundu maneno asiyoyaelewa. Huyakata mengi.

Jumapili iliyopita, wakiwa katika kazi hiyo, mjukuu mdogo alisimama mlangoni akamwita bibi yake mara nne. Dada aliendelea kusoma. Profesa ndiye aliyeinuka, akamgusa bega.