Somo Nililolikatiza Katikati

Wanafunzi wangu wa maabara husinzia. Nawafundisha jinsi mwili unavyopambana na saratani, na ikifika saa nane mchana, bati la darasa likichoma, tunabaki mimi na ubao tu. Kwa hiyo mchungaji wetu wa mtaa wa Munuki aliponiomba niwaeleze waumini habari za kansa baada ya ibada, nilifurahi kupita kiasi. Nasema wazi: nilikuwa na kiu ya kusikilizwa.

Na walinisikiliza, jamani! Kiswahili changu ni cha Nairobi nilikolelewa, cha wengi wao ni cha Uganda, lakini tulielewana. Nikawaambia kwamba ndani ya damu mna askari. Wanazunguka mwili mzima wakikagua kila chembe, na wakikuta iliyoharibika wanaiua kabla haijawa uvimbe. "Tena askari hawa hawaombi chai kwenye vizuizi vya barabarani," nikaongeza. Kanisa zima likaangua kicheko, makofi yakapigwa mpaka mchungaji akasimama.

Nilikuwa nimefika nusu ya somo. Nusu ya pili inasema kwamba saratani huwahadaa askari hao hao. Hujifanya mwenyeji, nao wakaipisha. Ukigusa uvimbe, ujue huenda wameshapitwa, usingoje, kimbia hospitali. Dakika kumi zingenitosha. Lakini makofi yalikuwa matamu, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Nikasema, "Mengine Jumapili ijayo." Jumapili hiyo nilikuwa nasahihisha mitihani. Iliyofuata nilisahau. Mjinga mimi.

Kati ya waliokaa mbele alikuwepo mama mmoja wa Uganda, muuza vitenge. Miezi kadhaa baadaye nilipita karibu na kibanda chake nikamsikia akimfundisha mteja: "Sisi wote iko na askari kwa damu. Wewe kula vizuri, omba Mungu, wao itafanya kazi." Nilicheka kwa raha, nikampungia mkono, nikaenda zangu nikijiona mwalimu kweli kweli.

Mvua zilipokwisha, binti yake alinifuata chuoni. Hakuwa na hasira. Alisema mama yake ni mgonjwa na ananitaka mimi, hataki mtu mwingine. Tukaenda kwao, mtaa wa New Site.

Harufu ilinipokea mlangoni. Titi la kushoto lote lilikuwa kidonda, na yule mama aliyekuwa mnene amebaki macho tu. Binti akanieleza kwamba uvimbe ulikuwepo hata kabla ya siku ile ya kanisani, mdogo kama haragwe. Mara mbili alimtafutia mama nafasi kwenye basi la Kampala akakatwe. Mara ya kwanza alikataa kupanda. Mara ya pili alishuka njiani, pale Nesitu, akarudi na boda, akisema, "Mimi iko na askari wangu, nakatwa ya nini?" Sasa madaktari walikuwa wamesema hakuna tena cha kukata.

"Mwalimu," mama akaniita, akinishika kwa vidole vya moto, "ambia huyu mtoto. Yeye anasema askari yangu imeshindwa."

Nikasema wanapigana, mama, bado wanapigana. Akatabasamu, akafumba macho, nami moyo ukanipasuka pale pale kando ya kitanda. Mungu anisamehe.

Tulitoka uani, binti na mimi. Nikaona angalau yeye anastahili ukweli, nikamfundisha nusu iliyobaki: jinsi saratani inavyowadanganya askari, kwa nini uvimbe mdogo ndio wa kukimbilia. Sijawahi kueleza vizuri namna ile. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, machozi yakimtiririka bila sauti. Kisha akaniuliza, kwa adabu kabisa:

"Madam, haya yote, siku ile kanisani ulikuwa unayajua?"

"Nilikuwa nayajua," nikasema.