Riwaya ya Kiyama na Msichana wa Vitengeni

Juzi asubuhi nilipata habari kutoka Mambrui kwamba mwalimu mmoja niliyefahamiana naye miaka kadhaa ametutoka. Wasomaji wangu wa siku zote mtanisamehe nikisema kwamba jambo la kwanza nililohisi ni nafuu. Alikuwa ameugua muda mrefu, na dada yake aliniambia kwamba alikwenda kwa utulivu, baada ya kunywa chai na kulalamika kwamba haina tangawizi. Tena nilikuwa nimewahi kumtembelea wiki mbili kabla, nikamwomba radhi kwa neno nililomwambia zamani. "Kumbe bado unalo?" alinijibu. "Mimi nilikwisha lisahau." Sikumwamini, lakini nilirudi nyumbani moyo mwepesi.

Neno lenyewe lilihusu riwaya. Mwaka ule wa ukame, tulipokula mahindi ya manjano ya msaada, nilikuwa bado mpiga taipu katika ofisi ndogo mjini Malindi, naye akifundisha Kiswahili katika shule ya wasichana huko Ganze. Siku moja aliniletea madaftari matatu. Ilikuwa riwaya ya vijana juu ya mwisho wa dunia: jua linafifia, kimebaki kisima kimoja, na msichana wa miaka kumi na sita anaishi na bibi yake mkali na binamu asiyempenda. Nilipiga taipu sura sita nikingoja moto ushuke kutoka mbinguni. Haukushuka. Watu waligombania zamu ya kuteka maji, wakanuniana, wakapatana. "Mwalimu," nikamwambia kwa ujuaji, "hiki si kiyama, hizi ni kelele za nyumbani. Nani atasoma?" Aliyakusanya madaftari yake taratibu. "Kaka yangu, dunia ikiisha watu wataingia kwenye huo mwisho na tabia zao zilezile. Mimi naandika watu." Akaondoka bila kugusa maji niliyomtilia.

Mwezi huohuo mhubiri mgeni alipita Ganze na Vitengeni akitangaza kwamba dunia itakwisha Ijumaa fulani. Kwa watu waliokuwa wakipoteza ng'ombe kila wiki, habari hiyo haikuwa ngumu kuamini. Msichana mmoja wa kidato cha nne, tegemeo la darasa zima, alifunga sanduku lake akarudi kwao Vitengeni, mtihani ukiwa umekaribia. Jumapili mwalimu akamfuata kwa miguu. Yaliyotokea huko nilisimuliwa baadaye na msichana mwenyewe, ambaye sasa anasomea ukunga.

Mwalimu alimkuta ameketi mlangoni pamoja na baba yake, amefua nguo zake zote, anasubiri.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umetukimbia na mtihani umekaribia?"

"Mtihani wa nini, mwalimu? Ijumaa hatutakuwapo."

"Kiyama naamini kipo," mwalimu akasema, "lakini siku yake anaijua Mungu peke yake. Hata hivyo sikuja kubishana. Kama tuna siku tano, nikusomee hadithi."

Akakaa mkekani, akasoma mpaka sauti ikamkauka. Alipofika mahali binamu anapoiba maji ya bibi, msichana alikasirika kweli. "Huyu atasamehewa?"

"Sura hiyo iko shuleni."

"Nieleze tu, mwalimu."

"Sielezi. Njoo uisome."

Baba mtu akacheka. "Nenda, mwanangu. Kama ni Ijumaa, hata huko shuleni itakukuta. Jumatano nitakupeleka mwenyewe."

Sura hiyo haikuwapo popote. Jumatatu mwalimu alifika Malindi juu ya lori la mkaa, vumbi mpaka kwenye nyusi, akaketi mbele ya meza yangu akaanza kuandika. Kila ukurasa ulipomtoka mkononi niliupiga taipu. "Nimemdanganya mtoto wa watu," alirudia kusema. Binamu alirudisha maji nusu, bibi akamtukana, kisha akampa ndoo ya kwenda kuteka mengine. Nilipofika hapo nilijua kwamba mimi ndiye niliyekosea, lakini niliona haya kumwomba radhi.

Msichana alirudi shuleni Jumatano, akaisoma sura akiwa amesimama, sanduku bado mkononi. Ijumaa darasa lilifanya hesabu kama kawaida. Jua lilipozama na kila mtu yupo, bweni zima lilipiga vigelegele, na mwalimu akajifungia chumbani akalia kwa kushukuru. Mtihani msichana aliufanya, akapita. Riwaya ilikataliwa na wachapishaji, basi tukairudufu wenyewe, ikapita mikono mingi mpaka Marafa.

Vijana wetu wanasikia kila siku kwamba mvua zimepotea, kazi hakuna, dunia imeharibika. Sisi wakubwa tunadhani kuwatisha ndiko kuwaonya, na wakikata tamaa tunawashinda kwa maneno. Mwalimu huyu amenifundisha kwamba aliyekata tamaa haokolewi kwa kushindwa katika mabishano. Anahitaji mtu wa kufunga safari mpaka kwao, akae naye chini, ampe kitu cha kungojea. Kama unaye kijana aliyekata tamaa nyumbani kwako, msomaji wangu, weka gazeti hili chini uende kwake.