Nyuzi za Mkwe na Mafuta ya Nguruwe

Jamani, bora niwaambie mwenyewe. Mkwe wangu Amani anapiga gitaa la besi kwenye kwaya yetu hapa Mafinga. Kafunga nyuzi mpya, askofu anakuja Jumapili, basi analia: "Mama, zinakwaruza vidole kama msasa!" Mwalimu wa kwaya akamjibu kwa sauti ya puani: "Piiiga tu, zitalainika."

Mie huruma ikanishika. Hapa kwetu ubao ukikwaruza tunaupaka mafuta. Jumapili asubuhi Amani alipotoka kidogo, nikazipaka nyuzi zote nne mafuta ya nguruwe.

Kanisani, mbele ya askofu, vidole vya Amani vikateleza, gitaa likalia kama ng'ombe mwenye mafua. "Naaani kagusa gitaa?" mwalimu akauliza. Nikatazama dari kama malaika. Mara mbwa wangu akaingia, akalamba nyuzi, halafu akaja moja kwa moja kulamba vidole vyangu.