Mabega Yangu Yalivyonichongea kwa Mkuu wa Shule

Ndugu wananchi wa mtandao huu, kwa masikitiko makubwa natangaza kwamba nimesalitiwa.

Si na rafiki. Na mabega yangu mwenyewe, nikiwa kifudifudi bila shati.

Iko hivi. Jumatatu asubuhi shule nzima iliamka ikakuta kiti cha Mkuu wa Shule, kile cheusi cha magurudumu, kimekaa juu ya mnara wa tangi la maji. Kimetulia, kinatazama mabweni kama kinasubiri ripoti.

Mlinzi alipoambiwa akishushe, alijibu kwamba yeye kaajiriwa kulinda chini.

Mkuu hakucheka. Alimwita Kipa, golikipa wetu, kwa sababu moja ya kisayansi: ni mrefu.

"Alhamisi uje na mzazi wako. Na ufungashe kabisa."

Kipa aliapa hajui lolote. Kweli hakujua. Aliyejua alikuwa mtu mmoja tu, na shingo ya mtu huyo ilikuwa imegoma kugeuka.

Mimi.

Sikunyamaza kwa roho mbaya. Nilishafukuzwa mara mbili, na mama aliniambia nikirudi mara ya tatu nisijisumbue kubisha hodi. Kipa ana rekodi safi, nikajiambia, watamsamehe.

Nilijiambia hivyo mara nyingi mno.

Jumatano mchana maumivu yakazidi, nikaenda zahanati ya shule. Siku hiyo huja mama mmoja kuwakanda wachezaji. Tunamwita Mama Viganja. Akikushika bega unakumbuka hadi madhambi ya chekechea.

Chumba kina vitanda viwili, katikati pazia.

"Lala, mwanangu. Umefanyaje?"

"Nimelala vibaya, mama. Mto."

"Mto. Pole."

Akapaka mafuta, akapitisha kiganja, kisha kidole gumba kikaanza kutafuta fundo kando ya shingo.

"Aiii! Mama!"

"Bado sijakanda. Nasalimia tu."

Akashuka mikononi, mgongoni, hadi mashavu ya miguu. Kila anapogusa, nalia. Ghafla akatulia.

"Huo mto ulikuwa na uzito gani?"

"Mama?"

"Aliyelala vibaya hukaza shingo upande mmoja. Wewe umekaza mabega yote mawili, mikono, mpaka miguu. Ulibeba mzigo mgongoni ukapanda nao ngazi."

"Labda nakua, mama."

"Hukui hivyo. Kipa nimemkanda asubuhi, laini kama unga uliokandwa. Huyo hajabeba hata ndoo wiki hii."

Nikashusha sauti. "Mama, siri ya mgonjwa si inalindwa?"

"Mimi simwambii mtu."

Hapo ndipo kichwa kilipovimba. Siku tatu nzima nilikuwa na ushujaa usio na msikilizaji!

"Basi sikia. Ngazi haikuwa shida. Shida magurudumu, mama! Kila nikipanda hatua moja, yananigonga kisogoni..."

Kitanda cha pili kikalia. Pazia likafunguka.

Mkuu wa Shule. Bila shati, amepakwa mafuta mpaka kiunoni. Siku tatu za kukalia benchi la maabara zilikuwa zimemkunja mgongo.

"Endelea," akasema. "Ulifika kwenye magurudumu."

Nikamgeukia Mama Viganja. Shingo ikageuka vizuri kabisa.

"Mimi sijamwambia mtu," akasema, akijifuta mikono.

"Ni mimi, Mkuu," nikasema. "Peke yangu. Kipa hajui kitu."

"Kipa atadaka Jumamosi. Wewe kanishushie kiti changu, kisha umpigie simu mama yako."

"Mkuu, mabega..."

"Mama, mmalizie huyu. Usimhurumie."

Funzo? Kabla ya kudanganya, hakikisha mwili wako umeafiki.

Hilo ndilo funzo la kuchekesha. Lenyewe ni hili: nimeanza kwa kusema nimesalitiwa, na huo nao ni uongo. Jumanne jioni Kipa alikuwa anafungasha, macho mekundu, na mimi ndiye niliyemsaidia kukunja shuka. Akaniambia, "Asante, ndugu yangu."

Nikaitikia.