Agaseke ya Daphrose na vidole vya wifi yake

Nyogokuru wangu Daphrose, mama ya mama yangu, ni mtu wa wivu na yeye mwenyewe hakatai. Ukisifia chai ya jirani anakuuliza kama yake ilikuwa na sumu. Lakini wivu yake kubwa kabisa ni ya mwaka 1992, pale mtaani Kimihurura, na hiyo lazima niwape yote.

Alikuwa anasuka agaseke, kile kikapu ya kifuniko chenye ncha. Unashika fungu dogo ya majani makavu, unaizungushia uzi wa katani, unakaza, unazungusha tena, mpaka majani yanafichika. Kwetu binti akiolewa, agaseke ya mama yake inatangulia mbele. Na Alida, binti yake wa kwanza, alikuwa anaolewa.

Sasa katikati ya kusuka vidole vikafa ganzi. Jicho moja nayo ikaona ukungu.

Daktari mmoja aliyesoma Ubelgiji akamweleza: mishipa ya fahamu imezungushiwa ganda ya mafuta, inaitwa mayelini. Kinga ya mwili wake, ile ya kupigana na magonjwa, imekosea inaitafuna.

"Kumbe niko na wivu mpaka ndani ya damu," Daphrose akamjibu.

Nyumbani wakaamua Kabagwira amalizie kikapu. Kabagwira ni dada ya mume wake, na kusuka kwake kulikuwa kunasifiwa mpaka mtaa ingine, Kibagabaga, hapo ndipo palipouma.

"Mama Alida, ni kikapu tu," mume akasema.

"Basi suka wewe."

Siku moja mchana Daphrose anatoka ndani, anamkuta Kabagwira kwenye mkeka anavuta uzi, anakata, anatupa. Mkeka wote vipande.

"Wifi, unaifanyia nini agaseke yangu?"

"Natoa."

"Naona unatoa. Unataka kazi yangu iishe, ibaki yako peke yake."

"Hapa ulisuka vidole vikiwa vimelala, wifi. Imelegea. Nikisuka juu yake uzi mpya hautapata pa kushika."

"Vaa viatu uende kwako."

Kabagwira akavaa, akaenda. Kikapu ikabaki nusu iko uchi, majani nje, nusu ingine na nyuzi zake zilizolegea.

Wiki zikapita, ganzi ikaanza kupungua. Daphrose akafurahi, akachukua sindano, akasuka juu ya zile nyuzi za zamani, maana hakutaka kumpa Kabagwira haki. Ikavimba kama shavu ya mtu anayeumwa jino. Kifuniko ikakataa kukaa. Akajaribu pale palipokuwa uchi: uzi ukashika vizuri. Akakasirika zaidi. Na harusi ilikuwa Jumamosi.

Akaenda mwenyewe kwa Kabagwira.

"Kuja umalizie kubomoa."

"Kubomoa tu?"

"Kubomoa tu. Kusuka ni mimi."

Wakakaa mkeka mmoja, mmoja anatoa, mwingine anazungusha nyuma yake polepole. Jumamosi agaseke ikatangulia. Watu wakauliza nani amesuka, Kabagwira akasema, "Mama yake." Daphrose akaona wivu hata na huo upole.

Juzi nimekuta kwenye simu kitu nikakimbia nayo kwake. Mayelini ikitafunwa, vipande vyake vinabaki pale pale, na vinazuia chembe hai changa za mwili zinazotengeneza mayelini mpya. Na wanaovifagia ni chembe za kinga, ukoo ule ule wa waliotafuna! Zinameza takataka, halafu zinatoa ishara ya kuamsha zile changa. Zikishindwa kufagia, au zikibaki na hasira, ganda hairudi vizuri, inabaki kovu. Yule daktari hakumwambia hiyo. Siku zile madaktari wengi walikuwa wanaangalia ubaya wa hizo chembe za kinga tu.

Nyogokuru akaangalia vidole vyake.

"Kwa hiyo labda na humu ndani kulikuwa na Kabagwira."

"Yego, ndiyo, nyogokuru."

"Usimwambie," akasema. "Atasema na hiyo mayelini ni yeye aliisuka."