Mkojo wa Wifi

Nilikuwa na mimba ya miezi sita, natetemeka kwa homa ndani ya joto la mtaa wetu wa Nyalenda. Kliniki ya mtaani ilikuwa imenipa dawa ya malaria mara mbili, homa ikarudi mara mbili, sasa na maumivu ya mgongo. Hospitali kubwa wakanilaza, kisha sista akanipa kikopo. Siku hizi, akasema, kila mjamzito mwenye homa anapimwa mkojo, kwa sababu figo zikiugua mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya wakati.

Siku hizi? Tangu lini? Mimba yangu ya kwanza iliharibika kwa homa kama hiyo, na hakuna aliyeniuliza habari ya mkojo.

Mama mkwe, aliyetoka Ahero na chupa ya uji, alininong'oneza kwamba mkojo wa mwenye mimba haupewi mtu usiyemjua. Mwenye nia mbaya anaweza kumfunga mtoto tumboni. Nilimwamini kuliko sista, sioni haya kusema. Basi wifi yangu aliyekuwa akiniuguza, mzima kabisa, akaingia chooni na kikopo changu, nami nikakikabidhi na uso mkavu.

Majibu yalitoka safi. Daktari akasema huenda ni malaria tena, nitaruhusiwa jioni. Mama mkwe akanikonyeza, akaondoka kuwahi gari la Ahero.

Sista hakuridhika. Aliniketisha, akanigonga kwa ngumi, taratibu tu, chini ya mbavu upande wa nyuma. Nilipiga yowe wodi nzima ikageuka. Akaangalia karatasi ya majibu, akaniangalia, akamwangalia wifi aliyejifanya anakunja leso.

"Mgongo huu na mkojo huu si vya mtu mmoja," akasema. "Mama, unamdanganya nani, mimi au mtoto?"

Hasira zilinipanda. Halafu nikakumbuka kwamba tangu jana mtoto hajacheza. Nikachukua kikopo kingine, nikaenda mwenyewe.

Ule wangu ulikuwa mchafu. Nilikaa kwenye dripu siku tano, na kila chupa waliyotundika niliwauliza ni ya nini. Siku ya tatu mtoto akanipiga teke, nikalia.

Sasa ana miaka mitatu. Mama mkwe akija humpakata, akamweleza kwamba yuko hai kwa sababu hatukuwapa wale watu kitu. Wifi huangalia chini. Mimi naendelea kuchagua mchele; habari ya kikopo cha pili hajaambiwa hadi leo.