Uso Uliobaki Gizani

Mtaa mzima ulimwita Mzee Kamera. Alipiga picha za harusi na za pasipoti, na kwa ubishi hakuwa na mpinzani. Wenzake walisafishia picha kwa programu za kulipia. Yeye alipakua ya bure, inayotengenezwa na watu wa kujitolea, akaisifia kama mtoto wake wa kumzaa.

Mkewe alifariki bila kuacha picha ya maana. Ndiyo, mke wa mpiga picha! Mwenyewe hakupenda kupigwa picha, na mumewe naye alisema kesho, kesho, mpaka kesho zikaisha. Ukuta wa sebuleni ulibaki mtupu, na jambo hilo lilimuuma mzee kuliko alivyotaka kukiri.

Mchana mmoja, akisafisha diski ya kompyuta, alikuta faili ghafi la picha ya harusi ya zamani, jeusi tii. Flashi haikuwaka. Alitaka kulifuta, ila akakumbuka kwamba mkewe, aliyekuwa akimbebea taa, ndiye aliyesimama mahali pa bibi harusi ili yeye apime mwanga.

Akalifungua. Faili ghafi halipotezi kitu. Mwanga wote ulioingia kwenye kamera umo humo, hata ukiwa haba. Akapandisha mwangaza taratibu. Kikatokea kitambaa cha kichwa, kisha bega, kisha uso. Lakini uso ulijaa chenga, kama uliomwagiwa mchanga. Akaziondoa, ukawa laini kama sahani ya plastiki, makunyanzi yamekwenda, na mkewe amekwenda nayo.

"Baba, chakula kinapoa," binti yake alisema mlangoni. Akasogea. "Huyu nani?"

"Mama yako."

"Mama gani huyo? Umempaka poda?"

Mzee alinuna, lakini alijua binti kasema kweli. Uzuri wa programu ile, picha ya asili haiguswi. Alizima hatua moja tu, ile ya kuondoa chenga, nazo zikarudi, na mama mtu akarudi nazo. Binti akashika mdomo.

"Ndiye," akasema. "Ila mbona kakunja uso? Amekasirika?"

"Hajakasirika. Ananisubiri nimalize. Miaka yote ile, mwanangu, alikuwa ananisubiri nimalize."

Mkono wa mzee ulikuwa umesharudi kwenye kipanya, kurekebisha kivuli cha shavu. Akageuka. Binti yake alikuwa bado amesimama, anamsubiri amalize.